Maji Uliyosema ni Baridi

Raiya mwanangu,

Salamu za mdomo utazipata kesho uwanja wa ndege, mbele za watu, na nnajijua nitakavyokuwa: nitakohoa, nitauliza pasipoti iko wapi, nitakwambia ufunge vifungo vya koti na hali bado tuko Muscat na jasho linatutoka. Kwa hivyo nimekaa mezani sasa hivi, Magharibi imeshaswaliwa, wewe umekwenda Sidab kumuaga shangazi yako, ili niyaandike yale ambayo mdomo wangu hauyawezi.

Mambo ya soksi, ya mchele, ya benki na ya kuswali kwa wakati mama yako ameshakwambia, na aliyoyasahau ameyatia ndani ya begi. Hapo sina la kuongeza. Mie nnataka kukuandikia khabari za maji.

Ulizaliwa kabla ya wakati wako, hilo unalijua. Ulikuja na macho makubwa na miguu iliyokaza, na ulifika umri wa watoto wenzio kukimbia na wewe hujasimama. Miaka ile ya mwanzo ya tisini tukikupeleka spitali kwa Sista Sheela, yule mama wa Kihindi wa mazoezi ya viungo. Kule kulikuwa na bwawa dogo la maji ya uvuguvugu. Siku ya kwanza alipokutia, mie nimesimama ukingoni na viatu vyangu vya kazi, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: visigino vyako vikashuka. Miguu yako iliyokuwa imepishana kama mkasi ikaachana polepole, na ukacheka. Sista Sheela akanigeukia, akanambia kwa Kiarabu chake cha wodini, "Baba, maji moto kidogo, mtoto laini. Maji baridi, mtoto mbao."

Lakini spitali zamu yako ilikuwa mara moja kwa wiki, na zile siku nyengine zote ulikuwa mbao. Ndipo niliposikia kuna Wazungu wanahama Khuwair ya Kusini na wanauza jakuzi lao, lile beseni kubwa la kuogea lenye hita na pampu. Nikaenda na pikapu na wanaume wa kuninyanyulia, tukaliingiza kwa mlango wa nyuma wa nyumba yetu ya Ghubra, huku linakwaruza ukuta, mpaka tukaliweka baina ya jiko na mndimu. Mama yako akatoka na upawa mkononi, akaliangalia, akaniangalia.

"Salim, hili ni la nani? Umeninunulia ng'ombe wa kunywea humu?"

"La Raiya," nikamwambia.

Akaenda kuleta tambara akaanza kulifuta.

Basi Sista Sheela akanipa masharti. Maji yako yawe digrii thalathini na nne. Yakizidi sana moyo wa mtoto unachoka, yakipungua misuli inajikaza. Nikafurahi kupewa nambari, maana nambari ndiyo kazi yangu. Mpima viwanja hufundishwa toka siku ya kwanza kuamini chombo kuliko jicho. Jangwani jicho litakwambia mlima ule uko hapo tu, uendee kwa miguu, na jua litakuchwea hujaufika. Chombo hakidanganyi. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na hivyo ndivyo nilivyokulea.

Watu wakisikia jakuzi hudhani shida yake ni kuyapasha moto maji. Waje Muscat mwezi wa saba! Maji ya bomba yanatoka kwenye tangi la juu ya paa, yameshapikwa na jua, ukifungua mfereji unaruka. Hita tumeizima tangu mwezi wa nne na bado jakuzi linafuka lenyewe kama sufuria. Nilijenga kivuli cha makuti juu yake. Nikawa nakiondoa kifuniko baada ya jua kuchwa ili upepo uyapoze, na alfajiri nakirudisha. Yakawa hayashuki. Siku moja nikaona nimepata akili: nikaendesha mpaka Sidab nikanunua barafu ya wavuvi, mawe makubwa, nikayafunga kwa magunia nikarudi nayo mbio. Nikayatumbukiza. Kipimo kikashuka vizuri kabisa mpaka thalathini na nne, na mie nikajiona mhandisi. Nikakutia majini. Ukanusa. Ukanusa tena.

"Baba, naoga na nguru?"

Magamba yalikuwa yanaelea. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi ya jiko, na ilibidi tuyamwage maji yote, tulisugue, tuanze upya. Wewe siku tatu nzima ukawa unamwambia kila mgeni kwamba baba yako anapika mchuzi wa Raiya.

Hilo lilikuwa kosa la kuchekwa. Lile jengine silicheki.

Ulikuwa darasa la nne. Ilikuwa baridi, kwa baridi yetu hii, upepo umeshuka kutoka milimani mchana kutwa. Nilirudi kazini, nikafunua, nikatumbukiza kile kipimo cha mshale, nikasoma thalathini na nne. Nikakubeba, nikakutia. Ukanishika shingo hukuniachia.

"Baba, maji baridi."

"Si baridi. Thalathini na nne."

"Baridi, Baba."

"Ni upepo huo. Zama mpaka mabegani utaona."

Ukazama. Ukaanza kupiga miguu kama ulivyofundishwa, midomo inakuchezacheza, na mie nimesimama juu yako na kipimo mkononi kama kadhi. Ukanambia mara ya tatu. Nikakionyesha kioo mbele ya uso wako, nikakwambia, "Soma mwenyewe." Ukasoma, kwa sauti ndogo, "Thalathini na nne." Kisha ukanyamaza.

Kule kunyamaza kwako ndiko ninakokukumbuka kuliko kilio kilichofuata. Nilikushinda, Raiya. Nilimshinda mtoto wa darasa la nne katika jambo la mwili wake mwenyewe, na nikaridhika kwamba tumeelewana.

Miguu ikakakamaa ukiwa mumo humo majini. Magoti yakapanda tumboni, ukapiga ukelele ambao majirani waliusikia. Mama yako alikuja mbio na unga mikononi, akakutoa, akakufunga blangeti, akakaa anakukanda kwa mafuta ya moto mpaka ukalala. Mie nimesimama mlangoni sijui niweke wapi mikono. Alipokuwa na hakika umelala akanijia. Akakichukua kipimo changu, akafungua friji, akakitumbukiza ndani ya jagi la maji ya baridi.

"Soma."

Mshale ulikuwa pale pale kwenye thalathini na nne.

Akakitoa, akakitia kwenye sufuria ya mchuzi iliyokuwa jikoni inachemka.

"Soma tena."

Thalathini na nne.

"Haya, Salim. Barafu ni thalathini na nne, na mchuzi ni thalathini na nne. Na mtoto kakwambia mara tatu."

Mshale ulikuwa umekwama, labda tangu jana yake, labda tangu wiki. Nilipokwenda kuangalia nikakuta chujio limejaa majani ya mndimu, maji hayazunguki, na hita imejizima yenyewe kama inavyotakiwa ifanye. Kila kitu kilifanya kazi yake isipokuwa kile kipimo na mie.

Ungedhani hapo mtu amejifunza. Mie nilijifunza kinyume. Kesho yake nilikwenda dukani nikanunua vipimo vipya, si kimoja, vitatu. Vikawa havisemi sawasawa. Hiki kinasema thalathini na tatu na nusu, hiki thalathini na nne, hiki kina lake, na mie nimeinama hapo katikati nikivisuluhisha kama mzee wa mtaa, na wewe umekaa kwenye kiti umejifunga taulo unangoja hukumu. Nikajua kuyakoroga maji kabla ya kupima, maana ya juu huwa moto na ya chini baridi. Nikajua kusafisha chujio kila Ijumaa kabla ya swala. Nikajua ni saa ngapi niiwashe hita siku za upepo. Nikawa bingwa wa jakuzi Ghubra nzima, na sikukuuliza wewe hata mara moja.

Wewe ndiye uliyelivunja hilo. Umri wako ulikuwa umeshaingia kwenye ule wa kujibu. Ulinitazama nikitumbukiza kipimo cha tatu, ukasema pole pole, bila ya hasira, "Baba, vipimo vinaingia majini kabla yangu kila siku. Leo niingie mie kwanza."

Nikakuachia. Ukakaa kwenye ukingo, ukateremsha miguu, ukafumba macho. Mie nimeshika pumzi. Ukasema, "Ongeza kidogo." Nikachungulia kipimo kwa wizi, kikasema thalathini na nne kamili, na safari hii kilikuwa kizima. Nikakaribia kukwambia. Wallahi neno lilifika kwenye meno. Nikalimeza, nikaenda kuongeza.

Tangu siku hiyo nikaanza kujua mambo ambayo hakuna chombo kingenambia. Kwamba siku za mitihani unataka yapande. Kwamba ukitoka kugombana na mtu skuli unataka yapoe. Kwamba siku nyengine hutaki maji kabisa, unataka kukaa tu ukingoni, tuzungumze, na maji ni kisingizio. Mazungumzo yetu mazuri yote yamepita pale, mie nakoroga, wewe unanambia mwalimu gani kakuonea. Kwamba utasoma sheria ulinambia pale. Nikakwambia sheria zina ngazi nyingi, mahkama zote zina ngazi. Ukanijibu, "Basi nitakuwa wa kwanza kuwashitaki kwa ngazi zao."

Lakini usinione nilikuwa nimekwisha kupona. Unaikumbuka safari ya Nizwa. Darasa lenu lote likaenda, walale huko, wakaangalie ngome na soko. Ulikuja na khabari ile umechangamka, magongo yako mawili umeyaegemeza mlangoni. Nikakuuliza neno moja tu: "Na maji je?" Hukubishana. Ulibaki nyumbani, ukafanya mazoezi yako kila siku, maji yalikuwa sawasawa. Wenzio walipokuletea boksi la halwa ulisema ahsanteni, ukaliweka juu ya friji. Hukulifungua. Likakaa pale mpaka likakauka, na mama yako hakulitupa makusudi, ili niwe nalipita kila nikienda kunywa maji. Mie nililileta lile jakuzi ili miguu yako ikufikishe pahala. Nikakufunga nalo miguu ile ile.

Sasa nifike Ibri.

Mwaka juzi nilitumwa huko kupima viwanja vipya, safari ndefu, na ilikuwa katikati ya baridi. Kabla ya kuondoka nilikuandikia maelezo, nikakuonyesha swichi zote, nikakuapisha. Kila jioni nikipiga simu. "Maji vipi?" Unanijibu, "Mazuri, Baba." Mama yako naye, "Mazuri." Nikilala kwa raha kule hemani, najisifu nimefundisha vizuri.

Nikarudi. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba hata sijavua viatu, nikatia mkono. Mazuri kweli. Lakini pembeni ya pampu nikaona hita mpya inang'ara, na ile ya zamani imelala chini ya mndimu imekatika katikati.

Ilikufa usiku wa pili wa safari yangu. Wewe na mama yako mkachemsha maji jikoni kwa masufuria ya harusi, mkayabeba kwa ndoo, mkalifunika jakuzi kwa mablangeti moto usiyaponyoke. Ukampigia fundi mwenyewe. Alipokwambia angoje baba arudi, ukamwambia, "Baba hayumo majini, niliyemo mie. Njoo leo." Akaja.

Nikakasirika, Raiya. Si kwa hita. Niliingia ndani nikauliza kwa sauti iliyowanyamazisha hata ndege, "Kwa nini hamkunambia? Kila siku napiga simu!"

Mama yako akatazama chini. Wewe ukanitazama usoni.

"Ungerudi, Baba."

"Ndiyo, ningerudi!"

"Ndiyo maana."

Nilitoka nikaenda kukaa ndani ya gari. Nilikaa sana. Mwanzo nilikuwa nahisi nimeibiwa kitu. Halafu nikafikiri: ningeacha kazi, ningeendesha njia ile ya milimani kwa giza na khofu, na ningefika nikakuta wewe umeshamaliza kuoga. Ulinihifadhi. Binti yangu alinipima mie, akajua digrii zangu, akanihifadhi. Hakuna aliyenieleza kwamba siku hiyo huja, na kwamba inauma na inafurahisha kwa pamoja. Niliporudi ndani ulikuwa umenitilia chai. Nikainywa. Sikusema samahani, na wewe hukuidai, lakini leo nnakupa, iko hapa, kwa maandishi, ewe mwanasheria.

Basi haya ndiyo ninayotaka uondoke nayo. Huko Skotlandi unakokwenda kusoma si lazima uniambie kila kitu. Nnakupa ruhusa hiyo, na usidhani imenitoka kwa urahisi. Nikipiga simu ukisema "mazuri" nitaamini ni mazuri, au nitaamini kwamba unalo jambo na umeshalishika. Lakini mwambie mtu. Mwambie aliye karibu, mwenye mikono ya kubeba ndoo. Usilibebe peke yako kwa kuwa baba yako ana moyo mwepesi. Hilo ni kosa langu, lisiwe mzigo wako.

Na watakuwako watu, mwanangu, tena watu wema, wenye elimu na wenye mapenzi, watakaokuonyesha kioo cha kipimo wakuambie hapana, si baridi. Daktari atakwambia. Mwalimu atakwambia. Na mume, inshallah, siku moja atakwambia, na atakuwa anakupenda kama nilivyokupenda mie jioni ile. Usisome kwa sauti ndogo ukanyamaza. Sema mara ya nne. Wakikataa, toka majini.

Nimesikia ulivyozungumza kwa simu na wale wa bwawa la mji huo unakokwenda. Sikutega sikio, nilikuwa napita ukumbini, nikapita tena. Uliwauliza kama kuna mteremko wa kuingilia, uliwauliza maji yao digrii ngapi, na walipokujibu ukasema, "Hizo kidogo, tutazungumza nikifika." Nilitaka kupiga baada yako, kuhakikisha tu. Mama yako akauchomoa waya wa simu ukutani akauweka mfukoni mwa gauni lake, akaondoka nao kwenda kukuna nazi.

Radhi zangu unazo zote, sikubakisha hata tone la kukudai nalo. Mola akulinde uingiapo na utokapo, akupe watu wa kheri, na akulainishie kila kilichokaza.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini kuna jambo limetokea leo baada ya wewe kuondoka na gari ya shangazi yako, na ni bora ulisikie kwangu.

Nilikwenda nyuma kuyamwaga maji. Nilikuwa nimeshauchukua mpira wa kumwagia, nnasema nani tena atayatumia. Mama yako akatoka jikoni, amevaa gauni lake lile la maua la zamani, taulo begani.

"Unafanya nini?"

"Nayamwaga."

"Ngoja kwanza."

Akashika ukingo, akapanda, akaingia na gauni lake hivyo hivyo. Miaka yote hii, Raiya, hajawahi kutia zaidi ya kiwiko. Akakaa, maji yakamfika shingoni, gauni likatutumka likaelea kama mkate wa kumimina. Akafumba macho. Nikamwona machozi yanamtoka bila ya uso kukunjika.

"Kumbe ndivyo alivyokuwa akisikia," akasema. "Kumbe ndivyo hivi."

Kisha akafumbua jicho moja. "Nawe umesimama hapo unapima nini? Ingia."

Barua hii nnaibandika mlangoni uisome kabla hujaingia. Kwa hivyo ukiingia ukazikuta nguo mbili zinachuruzika kwenye kamba, na kanzu yangu mojawapo, na maji yamemwagika mpaka mlango wa jiko, na wazee wako wamekaa sebuleni na nywele mbichi wanajifanya wanatazama taarifa ya khabari, usitucheke. Njoo ukae baina yetu.

Baba yako,
Salim